Riker na Troi: inawezekana kweli kufanya kazi chombo kimoja na mtu mliyeachana?

NyotaYaTandika:

Wakuu habari za usiku. Mimi na mdogo wangu tunabishana toka juzi na ubishi wenyewe ni wa tivii, naomba mtuamue maana mama kashasema akilisikia tena jina la Riker humu ndani anachomoa waya.

Iko hivi. Dogo kapata mahali zile Star Trek za zamani, ile ya kapteni mwenye kipara iliyoanza 1987, tunaangalia kila usiku tukishakula. Mimi mwanzo nilikuwa natupia jicho tu huku nakunja nguo, sasa nimenasa, nguo zinalala hapo hapo kwenye kochi. Kwa asiyeijua: kuna chombo cha angani kinaitwa Enterprise, ndani watu zaidi ya elfu, wengine na watoto wao, shule ipo, baa ipo. Msaidizi wa kapteni ni Will Riker. Mshauri nasaha wa chombo ni Deanna Troi, mama yake mtu wa sayari ya Betazed ambako watu wanasomana mawazo, ila baba yake binadamu kwa hiyo yeye kaishia kunusa hisia tu.

Sasa hawa wawili walikuwa wapenzi miaka ya nyuma. Jamaa akaondoka kufuata cheo, mambo yakafia njiani. Halafu siku ya kwanza anaripoti Enterprise, kapteni anamtambulisha kwa wenzake, njoo umwone mshauri wetu, lahaula, ni yule yule! Wanatazamana. Dada anamsemesha humo humo kichwani bila kufungua mdomo, anamwita Imzadi, neno la kwao la mtu wako wa moyoni. Kapteni akisikia wanafahamiana anaona ni jambo jema, maafisa wakubwa wakijuana kazi inaenda, na hakuna anayemfungulia zaidi.

Dogo anasema huu ni upuuzi. Kwamba kazini kwa kweli mmoja angepewa barua ya uhamisho wiki hiyo hiyo, huwezi kumkalisha mtu meza moja na eksi wake, tena eksi mwenyewe anakunusa moyo, na kazi yake aliyoajiriwa ni kumwambia bosi nani hayuko sawa kichwani. Mimi nasema watu wazima wanaweza, mbona hawa wameenda hivyo misimu saba. Swali: kikazi ile hali iko sawa? Na mpaka wenyewe unawekwa wapi? Msinijibu "hiyo ni filamu tu", hilo jibu mama ameshalitoa.

MzeeWaBesi:

Mimi eksi wangu tuko kwaya moja. Alikuwa anasimama mbele yangu kwenye soprano mimi nikiwa sauti ya teno, kila akigeuza shingo nakosa noti. Nikahamia besi nisimame nyuma ya nguzo. Sauti ya besi sina. Mwalimu wa kwaya anajua, waumini wote wanajua, hakuna anayesema.

Dogo yuko sahihi.

KomboSayari:

Hahaha mzee wa nguzo pole sana.

Dada Nyota, ubishi wenu mnaupima pasipo. Mnauliza kama wanaweza kukaa meza moja. Kukaa meza moja si kazi, hata mahakamani watu wanakaa. Kipimo ni kimoja tu, siku ikifika ya kumpa yule mtu amri mbaya, au kumwambia mbele ya uso wake kwamba hujafaulu, utaweza? Kama huwezi, hamna cha watu wazima wala nini, hama.

Sasa mkifika msimu wa saba kuna kipindi cha mwaka 1994, naomba nikuharibie kidogo usinilaumu. Troi anataka kupanda cheo awe kamanda ili aweze kushika zamu kule briji, chumba cha kuongozea chombo. Kuna mtihani wa sehemu nyingi na msimamizi wa mtihani ni nani? Riker. Dada anafaulu zote inabaki ya uhandisi. Anaingizwa kwenye kile chumba cha kuigiza mambo, injini inakaribia kulipuka, atoe amri chombo kipone. Chombo kinalipuka. Anarudia, kinalipuka. Analala na vitabu, anakariri mabomba yote ya injini, anarudi, kinalipuka.

Riker anamfuata chumbani kwake anamwambia basi, inatosha, nafuta mtihani. Dada anawaka. Anauliza huu mtihani una jibu kweli au mmeuweka tu muone mtu akishindwa anafanyaje? Jamaa anajibu jibu lipo. Na hapo ndipo ningetegemea eksi alegeze, amnong'oneze hata nusu. Hakumnong'oneza. Anamwambia nakujali lakini wajibu wangu wa kwanza ni kwa chombo, siwezi kumkalisha mtu kwenye kile kiti kama hajafuzu. Akaondoka.

Sasa ajabu ni kwamba ile ile sentensi ya kumkatalia ndiyo iliyomfungua macho. Chombo kwanza. Dada akarudi kwenye mtihani, akamwamuru mhandisi Geordi (wa kuigizwa, si mwenyewe) aingie kwenye ule upenyo wenye mionzi akatengeneze, huku akijua akiingia hatoki. Geordi haulizi swali, anageuka anaenda. Nilirudisha hapo mara tatu nimwangalie Troi usoni. Kafaulu, kawa kamanda.

Kwa hiyo mimi niko na wewe dada. Hawa wawili mpaka wao walishauchora, na haukuwa wa kujifanya hawajawahi kupendana.

BishaHodi:

Kombo unachagua nyama unaacha mifupa. Mbona husemi ya kapteni mwenyewe?

Msimu wa sita, 1993, Picard anampenda dada mmoja mkuu wa idara ya nyota, Nella Daren. Dada anapiga piano, kapteni anapiga filimbi, wanajificha kwenye mapito ya mafundi kule ndani kabisa kupiga muziki maana sauti huko inavuma vizuri, mambo matamu kabisa. Halafu nini kikafuata? Dada akaomba aongezewe watu kwenye idara yake kama mkuu wa idara yeyote anavyoomba. Maombi yale yanapita kwa Riker. Riker akikataa, amemkatalia mpenzi wa bosi. Akikubali, watu watasema kampendelea mpenzi wa bosi. Jamaa ikabidi aende kwa kapteni amweleze wazi kwamba nimekaa pabaya. Unaona? Wapenzi ni wawili ila anayetokwa jasho ni wa tatu.

Na mwisho wake, kuna sayari inapigwa na dhoruba za moto, mtaalamu anayeweza kuzizuia watu wahamishwe ni idara ya Daren. Kapteni akamtuma kama ilivyompasa. Akakaa akiamini kamuua kwa mdomo wake mwenyewe. Dada akarudi mzima, wakakaa, wakakubaliana mmoja aondoke, maana kapteni alijua mara ya pili mdomo hautafunguka. Kapteni mwenye nidhamu kuliko wote kashindwa sembuse binadamu wa ofisini kwetu.

Na ukienda ile Star Trek nyingine ya kituo cha angani ndio utalia. 1998 Worf, yule afisa wa usalama wa Enterprise aliyehamia huko, na mkewe Jadzia wametumwa wawili tu porini kumpokea mtoa siri wa upande wa adui. Mke akajeruhiwa. Worf akamwacha akaendelea na safari, njiani akageuka akarudi kwa mkewe. Mtoa siri akauawa akijaribu kurudi kambini kwake, akafa na siri zake. Mkuu wake Sisko akamwambia uamuzi wako ulikuwa mbaya, huenda usipewe chombo cha kuongoza maisha yako yote, na nyie wawili hamtumwi tena peke yenu. Kisha akaongeza kwamba angekuwa ni mke wake yeye pale porini, naye asingemwacha.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Hata anayekuhukumu anajua angefanya vile vile. Sasa kwa nini umweke mtu kwenye jaribu ambalo unajua utalifeli na wewe?

KomboSayari:

Bisha hao ni wapenzi na wanandoa, swali la dada ni la walioachana. Usichanganye dagaa na papa.

BishaHodi:

Moto uliofukiwa nao ni moto kaka. Wale si waliishia kuoana kwenye ile sinema ya 2002? Sasa walikuwa wameachana wapi hapo?

RubaniWaKaratasi:

Tuache tamthilia kidogo, haya mambo yametokea kweli huko juu na watu hawasimuliani.

Septemba 1992 chombo cha NASA cha Endeavour kiliruka kikiwa na watu saba, safari ya siku kama nane hivi, ndiyo ile aliyokwenda Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Wengi tunaikumbuka kwa huyo Jemison tu. Lakini humo humo ndani walikuwemo Mark Lee na Jan Davis, mume na mke. Walipopangwa safari hawakuwa wanandoa, mapenzi yakakolea kwenye mazoezi, wakafunga ndoa kimya kimya, na NASA utaratibu wao ulikuwa kutowapandisha wanandoa chombo kimoja. Sasa uwatoe? Mtu keshafunzwa miaka, kumfunza mwingine toka mwanzo si mchezo. Wakawaacha.

Na angalia mpangilio ulivyokuwa. Kazi iligawanywa zamu mbili za masaa kumi na mawili, timu nyekundu na timu ya bluu. Mume nyekundu, mke bluu. Huyu anaamka yule anaingia kulala. Waandishi wa habari walichotaka kujua mnakijua wenyewe, na wenyewe hawakujibu. Nyongeza ya utamu, kamanda wa safari ile, Hoot Gibson, naye mkewe Rhea Seddon alikuwa mwanaanga, ila hao hawakuwahi kuruka pamoja. Lee na Davis baadaye waliachana, na kwenye zile shato, yaani vyombo vya aina ya Endeavour, hakuna wanandoa wengine waliopanda pamoja mpaka zikastaafishwa 2011.

Wengine wamepishana. Bob Behnken aliruka 2020 na ile kapsuli mpya, mwaka uliofuata mkewe Megan McArthur akapanda kapsuli ile ile, akakalia kiti kile kile cha mumewe. Hapo hata Bisha hana la kusema.

Sasa kwa dogo anayetaka uhamisho uwe ndio dawa ya kila kitu, sikiliza hii. Februari 2007 kuna mwanaanga, sitaji jina, miezi saba nyuma alikuwa angani, kaendesha gari toka Houston mpaka Orlando kumvizia mwanamke aliyeona kamchukulia bwana. Bwana mwenyewe naye mwanaanga. Polisi wakamkamata baada ya tukio la pale uwanja wa ndege na dunia nzima ikacheka. Na huyu dada na huyo bwana hawakuwahi kuwa safari moja hata siku moja! Walikuwa wametenganishwa tayari. NASA wakakaa baada ya hapo kuandika mwongozo wa maadili ya wanaanga wao, ambao mpaka wakati ule walikuwa wanaaminiwa tu kwamba ni watu wazima.

Na jambo moja la kuweka pembeni, watu msije kuchanganya mapenzi yaliyopita na usumbufu. Kule Moscow waliwahi kuwafungia watu kwenye chombo cha mazoezi cha ardhini, mwaka mpya wa 2000 ukiingia kamanda akamvuta mtafiti wa kike kutoka Kanada akambusu kwa nguvu, na kabla ya hapo wanaume wawili walishapigana hadi damu. Mjapani mmoja aliyekuwemo akajitoa zake. Ile haiitwi mpaka kuvukwa na wapendanao, ile ni jinai na ijadiliwe kwenye uzi wake.

Baharia_wa_Likoni:

Mie nisome tu ninyamaze lakini hii imenigusa. Mnaongea vyombo vya angani, mie nimefanya kazi meli za watalii mikataba minne na nawaambia ni kitu kimoja, bahari pande zote, hakuna kutoka nje ukavute hewa, unalala kabini ya watu wawili chini ya mstari wa maji na unaokula nao ndio unaofanya kazi nao ndio unaowaota.

Nilikuwa na mtu wangu, kijana wa Kisauni, tulikutana meli ya kwanza, tukapendana mikataba miwili, tukaachana vizuri tu tukiwa nyumbani, hakuna aliyemtusi mwenzake. Mkataba wa tatu napanda gangwei na begi langu, naangalia juu, yule pale na ubao wake wa majina. Kapandishwa. Ndiye supavaiza wa sehemu yetu. Miezi minane.

Mwajua alinifanyia nini? Hakunipendelea. Laiti angenipendelea ningejua la kusema. Alinikaza. Kabini za wageni wenye watoto, zangu. Zamu ya kufungua alfajiri baada ya usiku wa bandarini, yangu. Shuka moja ikikunjika kwa msichana wa Ufilipino anamwambia rekebisha, ikikunjika kwangu anaandika. Alikuwa ajionyesha kwa wenzake kwamba huyu dada wa kwetu simbebi, na mie ndio nikawa gharama ya jina lake zuri. Nikawa namjua yuaja kwa mlio wa funguo zake koridoni kabla hajakata kona, na tumbo lishakazika.

Lakini kilichoniuma si kazi. Kila baada ya muda kuna zoezi la dharura, kengele yalia, kila mtu na jaketi lake la kuokolea kwenye boti yake, supavaiza asoma majina. Asoma wote, jina, mtu aitika. Akifika kwangu asoma namba ya kabini. Hakulitamka jina langu miezi mitatu! Nilikuwa nikisimama pale na lile jaketi la rangi ya chungwa limenikaba shingo nikifikiri, sasa siku meli iwe yazama kweli, huyu ataniita nani?

Nilimwendea mkuu wa idara, mama mmoja wa Ureno, sikumwambia habari ndefu, nimwambia tu mimi na fulani twafahamiana toka nyumbani naomba sehemu nyingine. Alinitazama kidogo, hakuuliza, kesho yake nikahamishwa ghorofa ya juu. Baada ya hapo yule kijana akaanza kunisalimia kwa jina. Kwani alikuwa mbaya? Hakuwa mbaya. Alikuwa hajui aweke wapi mikono.

Kwa hivyo Kombo ule mtihani wako umenigusa kwa sababu Riker hakumkaza wala hakumlegezea. Hapo katikati ni pembamba sana, mie sijapaona kwa macho.

MzeeWaBesi:

Namba ya kabini!! Dada hii ni kali kuliko nguzo yangu.

NyotaYaTandika:

Dada Likoni pole. Nimemsomea dogo kwa sauti, kanyamaza, halafu akasema "si nilisema wahamishwe" lakini kwa sauti ndogo.

MnasihiWaBara:

Nimechelewa uzi lakini nashangaa mnamwangalia Riker tu. Mimi kazi yangu ni unasihi, na kwangu mimi tatizo la chombo kile ni kiti cha Troi.

Angalieni anapokaa. Kushoto kwa kapteni. Mchana anamwambia kapteni huyu mgeni anaficha kitu, jioni hao hao maafisa aliokaa nao briji wanakuja kwenye kochi lake kumwaga ya moyoni. Tunafundishwa toka siku ya kwanza darasani, usimnasihi mtu ambaye una naye uhusiano mwingine, awe ndugu, bosi, mpenzi, au aliyekuwa mpenzi. Sasa Riker akilemewa aende kwa nani? Mshauri aliye karibu ni yule yule aliyemwacha.

Lakini nisijifanye malaika. Mimi niko wilayani, mnasihi ni mimi tu kituo kizima, anayefuata ni masaa matatu kwa basi. Mama anayeniuzia nyanya ni mteja wangu. Sheria za darasani zinasema nimpeleke kwa mwingine, mwingine yupi? Kwa hiyo tuliwekeana utaratibu sisi wenyewe. Akiingia mlangoni kwangu ni mteja. Sokoni ananipa bei ya watu wote, fungu la kuongezea nakataa hata akinuna, na sijawahi kumuuliza "unaendeleaje" nikiwa na kikapu mkononi, nasema habari za biashara basi. Mwanzo aliona namdharau. Ikabidi nimweleze waziwazi ofisini kwa nini sokoni nakuwa vile, akacheka, akasema kumbe una akili. Usipomwambia mwenzako mpaka uko wapi, yeye atauona ni ukuta, ndiyo ilivyokuwa kwa kijana wa Kisauni na namba yake ya kabini.

Na hapo ndipo naungana na Bisha nusu. Riker na Troi walijua mpaka wao, lakini waliujua wawili tu, kimya kimya, wengine wakawa wanabahatisha. Mkifika msimu wa saba mtaona Worf anaanza kumpenda Troi. Dume zima la Kiklingoni, jamii ya wapiganaji wa sayari nyingine, anamzunguka Riker kwa mafumbo, eti kama mtu fulani angetaka kutoka na mtu fulani ambaye zamani alikuwa na mtu fulani, ungesemaje. Riker anamjibu kwa utani tu, Worf anaishia njiani. Kisha kipindi cha mwisho kabisa wanatuonyesha miaka ishirini na tano mbele, namna mambo yangeweza kuwa. Troi kashakufa, Riker ana chombo chake, na yeye na Worf hawasemeshani toka siku ya mazishi. Riker anakuja kukiri mwenyewe kwamba aliwawekea kiwingu, muda wote alidhani Troi yupo tu, atamrudia siku akiamua.

Yaani kazini alikuwa safi, mtihani aliusimamia vizuri, amri alitoa. Aliyeumia ni Worf, ambaye hata hakuwepo walipoachana.

KomboSayari:

Hapo kwa Worf nimekosa jibu. Na kumbuka alipokuwa anauliza kwa mafumbo Riker nadhani alielewa, akaacha tu ipite.

BishaHodi:

Kombo kakosa jibu! Mwenye tarehe ya leo aiandike mahali.

Ila mnasihi, nikuulize, hawa walioachana wakitaka kubaki chombo kimoja wamtangazie nani? Wakiwaambia watu elfu nzima ni umbea, wakinyamaza ni kiwingu.

MnasihiWaBara:

Wamwambie anayepanga zamu. Yule mama wa Ureno alihitaji sentensi moja tu. Picard siku ile ya kwanza alikuwa kashawapa mlango, mnafahamiana? Wangesema pale pale ndiyo kapteni, tulikuwa pamoja, yakaisha. Sekunde tano. Kisha kapteni angejua nani asimpangie nani mtihani.

Baharia_wa_Likoni:

Sekunde tano mnasihi lakini ni sekunde za kumeza moto. Mie ilinichukua miezi mitatu.

NyotaYaTandika:

Wakuu asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Ripoti ya nyumbani ni hii.

Jana dogo karuka mbele mpaka msimu wa sita kwa hasira, anatafuta ushahidi wa kunimaliza. Kaangukia kile kipindi ambacho wanashuka sayari moja wanamkuta Riker wa pili. Kwa wasiojua, miaka minane nyuma ile mashine ya kusafirishia watu ilimgawa akawa wawili bila mtu kujua, mmoja akarudi chomboni akapata cheo, wa pili kabaki peke yake kwenye kituo kibovu miaka yote hiyo. Sasa kwa huyu wa pili hakuna kuachana kulikotokea! Alimwahidi Troi watakutana kule kwenye sayari ya mapumziko, yeye kwake ahadi bado iko hai, anatoka huko na miaka minane ya kumuwaza. Anamwandikia vikaratasi, anamficha ficha vizawadi chombo kizima. Na yule wa kwanza, aliyevunja ahadi kwa sababu ya cheo, anasimama pembeni anamwangalia mwenyewe anavyombembeleza eksi wake. Halafu anakuja kumwonya Troi, jihadhari, huyu ni mimi, anaweza akafanya nilichofanya.

Dogo alikuwa anaangalia mdomo wazi. Nikamuuliza haya sasa hapa unamhamisha yupi, maana aliyeachana naye ni mmoja na wa pili ni mtu yule yule. Hakunijibu mpaka leo.

Na mama. Mama alipita na beseni la vyombo anaelekea nje, akasimama. Akasimama tena. Akaweka beseni chini akakaa kwenye mkono wa kochi, juu ya nguo zangu zilizokunjwa, akatazama dakika kama kumi bila neno, kisha akauliza aliyemwacha mwenzie ni yupi, yule mwenye ndevu?

Wote wana ndevu, mama. Angalia shati. Mmoja nyekundu, mmoja njano.